Rili nafuu ya kumvulia maski

Maskelanji, ambaye wavuvi humwita maski, ni samaki mlanyama wa maziwa na mito ya Marekani na Kanada. Urefu wake hupita mita moja, na jimbo la Wisconsin lilimfanya samaki wake rasmi mwaka 1955. Hata hivyo, kinachoharibu rili nyingi si yeye bali chambo bandia anachovuliwa nacho. Maski hapatikani kila siku. Mvuvi hurusha na kuvuta kutwa nzima bila kuguswa, na rili ndiyo inayobeba kazi hiyo yote.

Chambo kinachotesa zaidi ni kile cha manyoya chenye vibapa viwili vya bati, vipana, vinavyozunguka ndani ya maji na kuyapinga kwa nguvu. Kwa chambo hicho, jambo la kwanza kuangaliwa ni uwiano wa gia pamoja na urefu wa mkono wa kuzungushia. Tuseme bobini iliyojaa mshipi ina kipenyo cha milimita 35, na kishikio kiko milimita 45 kutoka katikati ya mkono. Gia ikiwa 5.3 kwa 1, chambo chenye mvuto wa kilo 2 kitaudai mkono wa mvuvi kilo 4 hivi, bila kuhesabu msuguano. Gia ya 7.1 kwa 1 itadai kilo 5 na nusu. Kishikio kikisogezwa hadi milimita 60 kwa gia ile ya kwanza, mzigo hushuka hadi kilo 3 na kidogo. Mkono mrefu huuzwa peke yake, tena kwa bei ndogo kuliko rili mpya, kwa hiyo ndio unaostahili kununuliwa kwanza.

Gia ya 5.3 kwa 1 nayo ina gharama yake: kila mzunguko hurudisha sentimita 58 za mshipi badala ya 78. Kwa chambo cha kushtua-shtua, ambacho huacha mshipi ukilegea, kasi hiyo inayopotea ina maana. Kwa vibapa, haina.

Baada ya hapo ni uimara. Gia pana za shaba iliyochanganywa na zinki huvumilia kuliko nyembamba za alumini, na fremu isiyopinda huzifanya zikae sawasawa. Rili ndogo za samaki wepesi hurusha chambo kizito vizuri tu. Huanza kukwaruza baadaye, meno yakishalika. Matangazo hupenda kuhesabu beringi, lakini idadi yake haisemi lolote kuhusu nguvu. Uwezo wa kubeba mshipi mrefu nao si hoja kubwa, kwani maski hakimbii mbali.

Mwenye fedha kidogo hafanyi vibaya akitafuta rili ya duara ya Ambassadeur ya kampuni ya Abu, iliyoanza kutengenezwa Svängsta, Sweden, katika miaka ya 1950. Saizi za 6500 na 7000 zinafaa, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Ikiwa imetumika, bobini izuiwe kwa kidole gumba na mkono uzungushwe taratibu: breki iachie kwa ulaini, bila kushikashika. Kisha breki ikazwe na mshipi uvutwe kwa nguvu. Mkono ukirudi nyuma, kizuizi chake kimechoka, na gharama ya kukibadilisha itolewe kwenye bei.