Kompyuta ya gemu ikichemka, usiiongezee volti!

Ukitaja Lukole, wilayani Ngara, wengi hukumbuka kambi ya wakimbizi wa Burundi ya miaka ya 1990, iliyofungwa miaka ya 2000. Mimi siku hizi nikisikia Lukole nakumbuka feni!

Naam, feni ya kompyuta. Mpwa wangu wa huko ana kibanda cha gemu, umeme wake ni wa sola na betri. Kompyuta mpakato yake, ya mtumba na ya mkopo, ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Gemu likinoga tu, inakwamakwama, wateja wanadai chao.

"Mjomba, nataka niiongeze kasi," akaniambia.

"We kijana, utaichoma!" nikamjibu.

Hebu tuelewane. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina kasi inayopimwa kwa gigahezi, na volti zinazoisukuma. Yake ni Intel Core i7-7700HQ ya mwaka 2017. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.8, ikipata nafasi hupanda hadi 3.8. Joto likikaribia digrii 100 inajipunguza yenyewe isiungue. Kumbe ndiko kukwama kwenyewe! Ukiongeza kasi hapo, umeongeza kuni motoni.

Dawa iko kwenye volti. Kiwanda huweka volti za akiba ili hata prosesa iliyo dhaifu kuliko wenzake isizime. Ukizipunguza kwa asilimia 10, umeme unaotumika kufanya kazi hushuka kwa karibu asilimia 19, na kasi inabaki ileile. Joto nalo linashuka.

Kwanza tulisafisha feni, vumbi lake usiseme! Kisha, kwa programu iitwayo ThrottleStop, tukashusha milivolti 10, tukacheza gemu zito nusu saa. Tukashusha 10 nyingine, tukacheza tena. Kwenye 100 skrini ikaganda. Tukazima, tukawasha, tukarudi 80. Joto lililokuwa digrii 97 likatua 86, na betri ikafika hadi mteja wa mwisho.

Lakini angalia, mambo haya hayafanani. Prosesa mbili za jina moja zinaweza kutofautiana, kwa hiyo usinakili namba za jirani. Usiiagize programu ijiwashe yenyewe kabla hujaridhika na majaribio. Ukikosea, kuwasha upya kunafuta yote. Tena mashine nyingine zimefungwa kabisa: mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mlango huu wa volti ungeweza kutumiwa na wezi wa siri, mtindo walioupa jina Plundervolt, na Intel ikatoa marekebisho ya kuufunga. Kama yako imefungwa, punguza kasi ya juu kidogo, kwa mfano 3.8 iwe 3.4. Wachezaji wengi hata hawatagundua.

Kuongeza volti? Waachie wenye hela za kuchezea. Mashine ya mkopo ikiungua, jamani, deni haliungui.