Kupanda Mlima Pasipo Njia

Vilima vya Ngarama, karibu na Nakivale, vina vichaka vya miiba. Apandaye pasipo njia na ashike mgongo wa mlima, asifuate bonde, maana bondeni vichaka husongamana na macho hayaoni mbali. Lakini hatari kubwa ni kushuka. Ukipanda, migongo yote hukutana kileleni. Ukishuka, hugawanyika, na ukikosea mmoja tu utatokea bonde la mbali. Basi kila panapokutana migongo miwili, geuka nyuma, utazame ziwa liko upande gani, kisha panga mawe matatu yawe alama. Tena ondoka kileleni mapema. Kwetu karibu na Ikweta jua huchwa yapata saa moja jioni, na giza huingia upesi.