Nyumba za Walimu wa Ngoma

Mtu wa Digodigo, katika tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro, hahitaji kuelezwa maana ya amana inayokaa ndani ya ukoo. Kwani huko, ambako Watemi, waitwao Wasonjo na majirani zao, hulima kwa maji ya chemchemi yaongozwayo kwa mifereji, baraza la wazee wa kurithi waitwao wenamiji lilishika amri ya kugawa maji, na mtu asiye na zamu yake aliyapata kwa kutoa mbuzi au asali, kama alivyoeleza mwanazuoni Robert F. Gray katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya kabila hilo. Lakini ngoma haikuwekewa mwenyewe. Kama ilivyo katika makabila mengi ya Afrika Mashariki, ngoma ni ya rika na ya kijiji, na kijana huipokea uwanjani kwa waliomtangulia, bila ya ada wala ijaza. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika nchi ya Watamili, mambo yalikuwa kinyume: ngoma yenyewe ilifanywa milki, ikawa na nyumba zake, warithi wake na malipo yake.

Mwalimu wa ngoma hiyo, ambayo leo huitwa bharatanatyamu, ni natuvanari. Yeye hachezi. Hukaa kando ya wapiga ala, matoazi madogo mikononi, akitamka kwa kasi silabi zinazopima hatua za mchezaji, na macho yake hayabanduki miguuni pa mwanafunzi. Na katika siku za mafunzo huweka matoazi, akashika kijiti na kugonga kibao, huku binti akipiga nyayo sakafuni kwa magoti yaliyokunjwa, mpaka mwalimu aridhike, na walimu hao hawakusifiwa kwa wepesi wa kuridhika. Wachezaji wa zamani walikuwa wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu au waliotumikia makasri ya wafalme, na walimu walikuwa wanaume wa jamaa hiyo hiyo, ambayo baadaye ilijiita Isai Vellalar. Hata elimu ikapita kwa mabinti upande wa kucheza, na kwa wana na wapwa upande wa kufundisha.

Nyumba mashuhuri kupita zote ni ile ya Thanjavur. Mwalimu Subbarayan alijaliwa wana wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliozaliwa baina ya mwaka 1802 na 1810, wakasomeshwa muziki na mtunzi mkubwa Muthuswami Dikshitar, wakatumikia kasri ya mfalme Serfoji wa Pili, na huko wakafanya jambo ambalo athari yake haijafutika: waliipanga ngoma iliyokuwa vipande vipande katika utaratibu mmoja, unaoanza kwa alaripu, mchezo mfupi wa kuamsha viungo, ukapanda hadi varnamu, ambamo mchezaji hupimwa kwa miguu na kwa uso pia, ukaishia kwa tilana yenye furaha. Chinnayya alikwenda Mysore. Vadivelu alikwenda Travancore kwa mfalme Swathi Thirunal, mtunzi kama yeye, akatunukiwa mwaka 1834 fidla ya pembe za ndovu, maana alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitia ala hiyo ya Wazungu katika muziki wa kusini.

Mimi siamini kuwa damu hufundisha kucheza. Kilichohifadhi fani hii ni kwamba mwana wa natuvanari alikuwa na riziki ya kuingojea, na mfalme au hekalu la kumlipa. Falme zilipodhoofika chini ya Waingereza, na heshima ya wanawake wa mahekalu ilipochafuliwa kwa maneno ya watu, mpaka sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikakataza kuwaweka wakfu mabinti (na siwezi kuilaumu sheria iliyokusudia kuwalinda watoto), riziki ile ilikatika, na nyumba zikabaki na elimu isiyo na mlipaji.

Mlipaji mpya alitoka mahali pasipotazamiwa. Meenakshi Sundaram Pillai wa Pandanallur, aliyezaliwa mwaka 1869 na kuishika mila ya wale ndugu wanne, alikubali kumfundisha Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa Kibrahmani, ambaye mwaka 1936 aliasisi chuo cha Kalakshetra huko Madras. Chuo kiliajiri walimu wa nyumba za kale, kisha kikawafundisha wanafunzi wake kushika matoazi wenyewe. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, urithi ulipohama kweli, wala si siku ya sheria. Mchezaji Balasaraswati, mjukuu wa Dhanammal, mpiga ala ya nyuzi iitwayo vina, alishika njia nyingine: mwalimu wake Kandappa Pillai alipofariki, baadaye Ganesan, mwana wa mwalimu huyo, aliketi na matoazi kando ya jukwaa.

Huko Thanjavur kwenyewe, K. P. Kittappa Pillai, dhuria wa ndugu wanne, alifundisha tungo za babu zake mpaka alipofariki mwaka 1999. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Yamini Krishnamurthy na Vyjayantimala, nyota wa sinema. Nao hawakuzaliwa katika nyumba yake.