Ubao Huungulia Upande Usioonekana

Mteja anayejua thamani ya fedha yake hatazami sura ya kitu tu. Akikabidhiwa kibao cha jina, ngao ya mahafali au pambo la harusi, hukigeuza atazame na nyuma. Hapo ndipo fundi anayekata mbao kwa mashine ya leza huweza kuumbuka. Juu kazi inapendeza, kingo zimenyooka. Chini kuna madoa ya kahawia, vidoti vyeusi na harufu ya moshi. Fundi hukimbilia msasa. Lakini tabaka la juu la plaiwudi ni jembamba mno. Ukisugua sana linakwisha, na hasara ni yako.

Wengine hulaumu mashine, wengine hulaumu mbao. Ukweli ni kwamba mara nyingi kosa liko pale ubao ulipolazwa.

Leza inayotumika zaidi kukatia mbao ni ile ya gesi ya kabonidioksaidi, iliyobuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India, katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwali wake hauonekani kwa macho. Mbao huumeza vizuri, ndiyo maana hukatika. Chuma kitupu, kinyume chake, huurudisha kama kioo kinavyorudisha jua. Basi mwali ukishatoboa ubao hugonga chuma cha kitanda cha mashine, ukaruka juu na kuuchoma ubao kutoka chini. Vile vidoti vinavyofuatana kwa mpangilio ni sura ya kitanda hicho chenye matundu kama sega la nyuki.

Adui wa pili ni moshi. Plaiwudi imeshikwa kwa gundi, nayo gundi ikiungua hutoa moshi mzito wenye lami. Ubao ukigusana na kitanda, moshi huo hukosa njia, ukaganda chini yake. Na kitanda kisiposafishwa, lami ya kazi ya jana huchafua kazi ya leo, na inaweza hata kushika moto.

Watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Dagaa walioanikwa mchangani hubeba mchanga. Walioanikwa juu ya chanja hupigwa na hewa juu na chini, wakatoka safi. Ubao nao wataka chanja yake. Uinue sentimita moja au mbili juu ya kitanda, uuegemeze kwenye ncha chache au vipande vyembamba vya chuma, mbali na mistari utakayokata. Mwali unaorudi utakuwa umetawanyika na kupoteza makali, na moshi utapata pa kutokea. Hakikisha tu kwamba ubao umelala sawa, kisha rekebisha upya umbali wa lenzi, kwa kuwa sasa ubao umepanda.

Pili, bandika upande wa chini tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi. Doa litaingia kwenye tepu, nawe utaibandua. Akriliki ikiwa na karatasi yake ya kiwandani, iache hadi umalize kukata.

Tatu, usitumie nguvu kupita kiasi. Kata vijipande vya majaribio kwenye mabaki, ukipunguza nguvu au kuongeza mwendo kidogo kidogo, mpaka upate kipimo kinachotosha kutoboa tu. Nguvu inayobaki baada ya kutoboa ndiyo inayokwenda kuunguza chini.

Nne, pampu ya hewa ipulize pale mwali unapokata, na feni ya kunyonya moshi ivute kutoka chini ya kitanda. Ukipuliza juu bila kuvuta chini, unausukuma moshi uende kuganda kule kule unakokukimbia.

Lipo jambo moja ambalo halina tepu wala msasa. Plastiki ya PVC, pamoja na ngozi bandia iliyotengenezwa kwa PVC, isikatwe kwa leza kamwe. Ikiungua hutoa gesi inayogeuka asidi kali ikikutana na unyevu. Asidi hiyo hula vyuma vya mashine, na mapafu ya fundi nayo yana unyevu. Usipojua kitu kimetengenezwa kwa nini, usikikate. Tena mashine ikiwa kazini usiiache peke yake, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Ndugu wasikilizaji, vijana wetu wengi wananunua mashine hizi kwa mkopo au kwa akiba ya familia. Kila ubao unaokataliwa na mteja unakula mtaji huo. Kuinua ubao na kusafisha kitanda hakuhitaji mkopo mwingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi tuongeze kwamba kizuri ni kizuri hata kikigeuzwa.