MLIMA HANANG: TUUPANDE, TUUJUE, TUULINDE



Katika madarasa ya kisomo huulizwa swali hili mara nyingi: "Hivi hawa wageni wanaopanda mlima wanatafuta nini huko juu? Wamepoteza ng'ombe?" Watu hucheka, lakini swali ni zuri. Sisi tunaoishi chini ya mlima tunauona kila asubuhi. Tunautazama kujua kama mvua inakuja. Wengi wetu hatujafika kileleni hata siku moja. Basi leo tuupande pamoja kwa kusoma, tuone kuna nini.

MLIMA ULITOKEA WAPI?

Hanang una urefu wa mita 3,417 kutoka usawa wa bahari, yaani karibu futi 11,200. Ni mmoja wa milima mirefu ya Tanzania, ingawa haufikii Kilimanjaro wenye mita 5,895 wala Meru wenye mita 4,566. Umesimama peke yake kwenye uwanda, ndiyo maana unaonekana kutoka mbali sana, Singida, Mbulu na Babati.

Hanang ni volkano iliyolala. Volkano ni mlima uliojengwa na moto wa chini ya ardhi. Zamani sana ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kupasuka na kudidimia, likatokea Bonde la Ufa. Ukuta wa bonde hilo unapita katika wilaya zetu. Mahali ardhi ilipopasuka, mawe yaliyoyeyuka yalipata njia ya kutoka. Yakamwagika, yakapoa, yakarundikana tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa mlima.

Kileleni utaona ukingo wa kreta, yaani mdomo wa zamani wa volkano. Upande mmoja wa mdomo huo umebomoka. Dada yake Hanang, Oldoinyo Lengai ulio kaskazini karibu na Ziwa Natron, bado yu macho. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007. Na ardhi yetu yenyewe haijatulia kabisa. Wazee wa Mbulu wanakumbuka tetemeko kubwa la Mei 1964.

TUANZE SAFARI

Njia inayotumika sana inaanzia kijiji cha Jorodom, karibu na Katesh. Katesh wenyewe uko juu, kiasi cha mita 1,700. Kwa hiyo mpandaji ana mita nyingine 1,700 za kupanda. Mwenye miguu mizuri akitoka alfajiri hupanda na kushuka siku hiyo hiyo, ila atarudi amechoka. Wengine hulala njiani, wakashuka kesho yake.

Kwanza unapita mashamba ya mahindi na maharage. Kisha unaingia vichaka, halafu msitu. Msitu ni mzito zaidi upande unaopata mvua nyingi. Humo ni baridi na unyevu, na miti imevaa kuvu kama ndevu.

Ukizidi kupanda, miti inapungua. Unatoka mahali peupe penye nyasi za mafungu na vichaka vifupi vyenye majani madogo magumu. Kwa nini miti mikubwa haioti huko? Kwa sababu kila ukipanda mita 1,000, baridi huongezeka kiasi cha nyuzi 6. Basi kileleni kuna baridi kuliko Katesh kwa nyuzi kama 10. Upepo nao ni mkali, na udongo ni haba.

Kutoka hapo njia inafuata mgongo wa mlima. Unadhani umefika kileleni, kumbe bado. Mbele kuna kilima kingine, na kingine tena. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Asiyekata tamaa hufika.

MACHO YANAONA NINI?

Siku isiyo na mawingu, kaskazini unaona Ziwa Balangida likimetameta chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Maji yake ni ya chumvi, na kiangazi kikali hukauka likabaki jeupe kama unga. Upande wa magharibi kuna Basotu na ziwa lake, pamoja na uwanda mpana ulimolimwa ngano. Kaskazini mashariki unauona Mlima Kwaraha wa Babati. Na mbele ya macho, ng'ambo ya bonde, ni nyanda za juu za Mbulu.

Sasa ukisimama hapo fikiri jambo moja. Nchi hii unayoitazama ni ya ajabu kwa lugha zake. Wahadzabe wa Yaeda Chini, ambao wazee wao waliishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, wana lugha yenye sauti za kugonga ulimi. Wairaqw na Wagorowa wanasema lugha za Kikushi, ambazo ndugu zake ziko Ethiopia. Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyaturu, Wanyiramba na Warangi ni Wabantu. Jamii zote nne za lugha katika eneo moja dogo! Wataalamu wa lugha husafiri mbali kuja kuyasikia haya, na sisi tunayasikia kila siku ya mnada.

HISTORIA ILIYO CHINI YA JEMBE

Watu wengi hudhani historia ni ya Wazungu na Wafaraosi wa Misri tu. Siyo kweli. Katika uwanda wa juu wa Mbulu, upande wa Babati, kuna kijiji kinaitwa Luxmanda. Hapo wataalamu walichimba wakakuta mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vipande vya vyungu, na vyombo vya mawe. Umri wake ni kama miaka 3,000. Maana yake, wafugaji walikuwa wakichunga mifugo katika vilima hivi miaka 1,000 kabla ya kuzaliwa kwa Yesu.

Walikuta pia mifupa ya mtoto aliyezikwa hapo. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mifupa hiyo. Walikuta kwamba wazee wa mtoto huyo walikuwa mchanganyiko wa watu wa kale wa Afrika Mashariki na watu waliotoka kaskazini, wenye undugu na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Mtoto mmoja tu, bila jina, ametufundisha safari za watu wengi.

Historia nyingine ni ya karibu zaidi. Wairaqw wa Irqwar Da'aw, huko Kainam, walijenga nyumba zilizochimbwa ndani ya mteremko, juu udongo na majani, ili wavamizi wa ng'ombe wasizione. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ndogo, walijifunza kulima kwa matuta ya kukinga maji na kutia samadi. Hilo lilikuwa somo la kilimo bora kabla ya mabwana shamba kuja.

Wadatoga nao waliishi Ngorongoro mpaka waliposukumwa na Wamaasai katika miaka ya 1800. Kwao Hanang ni mlima mtakatifu. Mzee mwenye heshima akifa, Wabarabaig humjengea kaburi la juu kwa udongo na miti, liitwalo bung'eda, na sherehe zake huchukua miezi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalifunguliwa Basotu kwa msaada wa Kanada, jumla kama ekari 100,000. Wabarabaig walilalamika, hata wakaenda mahakamani, kwamba malisho yao yamechukuliwa na makaburi ya wazee yamelimwa. Trekta halijui kusoma kaburi. Mtu anajua.

MLIMA UKIKASIRIKA

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Haikuwa volkano. Udongo na mawe laini vilikuwa vimelowa maji mpaka vikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata makorongo mpaka Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nyumba, maduka na mifugo vilifukiwa.

Somo lake ni nini? Mizizi ya miti hushika udongo kama kamba zinavyofunga mzigo. Mteremko uliokatwa miti ni mzigo usiofungwa. Ni kweli kwamba mvua ikizidi sana hata mteremko wenye miti unaweza kumeguka. Lakini ukiwa mtupu unameguka upesi zaidi. Wazee wenzangu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980, "Misitu ni Mali". Leo tuongeze: misitu ni uhai. Ndiyo inayonasa mawingu na kulisha chemchemi tunazochota.

Ukiona nyufa mpya kwenye mteremko, miti iliyoanza kuinama, au kijito kimegeuka tope ghafla ama kimekatika wakati mvua inanyesha, usingoje. Ondoka, waambie jirani na mwenyekiti wa kijiji. Ukikimbia, usifuate korongo kwenda chini. Kimbilia pembeni, mahali palipoinuka. Na usijenge ndani ya korongo hata kama limekauka miaka 20. Maji hayasahau njia yake.

ANAYETAKA KUPANDA

1. Panda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Wakati wa mvua njia inateleza, na mgongoni mwa mlima radi ni hatari.

2. Pata kibali kwanza. Msitu wa mlima umehifadhiwa kisheria, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

3. Usiende peke yako. Nenda na kijana wa pale anayejua njia, na umlipe haki yake.

4. Beba maji ya kutosha. Huko juu hutapata ya kunywa. Beba pia chakula, koti na tochi.

5. Kichwa kikiuma sana na kichefuchefu kikianza, hewa ni nyepesi kwako. Dawa ni kushuka.

6. Usiwashe moto ovyo. Nyasi kavu za kileleni huwaka upesi kuliko unavyokimbia.

7. Ukikuta kaburi, kigae cha chungu au mahali pa matambiko, acha kama ulivyokuta.

Mgeni akija kupanda anahitaji kiongozi, mpagazi, chakula na mahali pa kulala. Hizo ni fedha za kijiji. Lakini mgeni hawezi kuja kutazama msitu uliokwisha kuwa mkaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani anaishi karibu na korongo linalotoka mlimani? Tumemwambia nini?

2. Taja chemchemi zilizokuwepo zamani na sasa zimekauka. Kwa nini zimekauka?

3. Ni mzee gani anayejua habari za makaburi na mahali pa kale hapa kwetu? Nani kati yetu aliyejifunza kuandika ataziandika kabla mzee hajaondoka?