Wakili wa Mnunuzi wa Nyumba Mpya

Kijana wetu akitaka kuoa hutuma wazee wake kwenda kuposa. Hawaambii wazee wa binti, "Nisemeeni na mimi pia." Si kwamba wazee wale si waaminifu, la, bali wao wana upande wao, na ni wajibu wao kuutetea. Jambo hili hapana asiyelijua. Walakini kijana huyo huyo, baada ya miaka kumi, akiwa na mke na watoto na akiba aliyoidunduliza shilingi kwa shilingi, huenda kununua nyumba mpya Nyali au Mtwapa. Hupokewa na mtu mwenye maneno laini, akatembezwa chumba kwa chumba, akanyweshwa chai, akatia sahihi. Na muda wote huo hakuwa na mtu wake hata mmoja. Yule aliyemtembeza ni mtu wa mwenye kujenga, na mshahara wake watoka kwa mwenye kujenga.

Ndugu msomaji, siku hizi ukisema "wakili" watu hufahamu mtu wa mahakamani. Katika vitabu vya fiqhi neno hili lina maana pana zaidi: ni kila aliyekabidhiwa na mwenziwe kufanya jambo kwa niaba yake. Imepokewa katika Bukhari ya kuwa Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akamwuza mmoja kwa dinari, akarejea na kondoo na dinari mkononi, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Huyo alikuwa wakili wa mnunuzi, na faida aliyoipata aliirudisha kwa aliyemtuma.

Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, wamesema ya kuwa wakili aliyepewa kitu akiuze hawezi kujiuzia nafsi yake, wala kumwuzia mtoto wake mdogo. Sababu yake yafahamika. Muuzaji ataka bei ipande, mnunuzi ataka ishuke, na mtu mmoja hawezi kuvuta kamba ncha zote mbili. Basi dalali wa mwenye kujenga akikwambia, "Usijisumbue, mimi nitakutazamia yote," mshukuru kwa adabu zake, kisha katafute mtu wako.

Mzazi mmoja wa watoto ninaowasomesha alinunua nyumba ya vyumba vitatu katika jengo la ghorofa kabla halijakwisha kujengwa. Mkataba uliandikwa na wakili wa kampuni, naye akaambiwa kuwa huyo huyo atatosha kwa pande zote mbili, apunguze gharama. Akatia sahihi. Funguo zilichelewa mwaka na nusu. Mkataba ulisema kuwa yeye akichelewesha malipo atatozwa riba kwa kila mwezi, bali kampuni ikichelewesha nyumba haukusema neno. Alipohamia, maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, na ukuta wa choo ulikuwa ukivuja hata chumba cha watoto. Alikwenda kulalamika. Alifunguliwa karatasi zake mwenyewe, akaonyeshwa ya kuwa muda wa kudai matengenezo ulikuwa miezi 6, nao umepita. Mkewe aliuza dhahabu zake kuutengeneza ukuta ule.

Natazama mkasa huu nikaona ya kuwa kila kilichompata kilikuwa kimeandikwa, au kimeachwa makusudi kisiandikwe. Kifungu kile cha riba, wakili wake angekikata kwa kalamu kabla ya sahihi. Na sisi Waislamu tungepaswa kuwa watu wa kwanza kukiuliza. Kadhalika arbuni. Aghalabu hapa Kenya mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei mwanzoni. Je, fedha hizo zakaa kwa nani? Biashara ikivunjika, zarudi au zapotea? Katika madhehebu yetu arbuni ya kupotea haisihi, na hata asiyeshughulika na madhehebu atapenda kujua akiba yake iko mfukoni mwa nani. Sheria ya Mikataba ya Kenya yataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, pande zote zitie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi. Ahadi ya mdomo ya bustani na kisima kitamu haimo humo.

Ama ardhi, hapa Mombasa ni jambo la kuangaliwa mara mbili. Sisi tuna desturi ya zamani ya nyumba bila ardhi, mtu akamiliki kuta na paa na kiwanja kikawa cha mwingine. Tena ziko ardhi za kukodi kwa miaka maalumu, na miaka mingi kati yake imekwisha. Wakili wako ataomba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, atazame jina la mwenye hati, miaka iliyosalia, na kama benki imeishika hati kwa deni la mwenye kujenga. Kwa nyumba ya ghorofani ataulizia hati ya sehemu yako mwenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020. Na atakukumbusha ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, na mashambani asilimia 2. Wengi huusahau hata siku ya kulipa.

Jengo lenyewe lataka mhandisi asiyelipwa na mwenye kujenga. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, wakafa watu zaidi ya 40. Rangi mpya haionyeshi nondo zilizomo ndani ya nguzo.

Juu ya ujira, rai yangu ni kwamba mtu wako umlipe kiasi maalumu kilichotajwa mapema, wala si asilimia ya bei, kwani mwenye kulipwa kwa asilimia hufaidika bei ikipanda. Huko Marekani, tangu tarehe 17 Agosti 2024, madalali wanaotumia orodha zao za pamoja hawamtembezi mnunuzi ndani ya nyumba ila baada ya mapatano ya maandishi yenye kutaja ujira. Kwetu, dalali wa nyumba apaswa kuwa ameandikishwa chini ya Sura ya 533. Mwulize cheti chake bila ya haya. Umchukue tangu ziara ya kwanza, kabla hujatamka bei unayoiweza.

Na siku ya kukabidhiwa, nendeni mchana, wewe na mkeo na mhandisi wenu. Mfungue bomba zote kwa pamoja. Mwage maji sakafuni mwa choo mwone yanaelekea wapi. Kila aibu muiandike katika karatasi mbili, mtu wa kampuni aitie sahihi, nawe ubaki na moja. Khiyari ya kurudisha kitu kwa aibu, kwa Imamu Shafii, ni ya papo hapo. Mwenye kuiona aibu akanyamaza bila ya udhuru haki yake imeanguka. Funguo zipokeeni baada ya sahihi hiyo.