Kinanda Hakioti Kutu, Kinaachwa Nyuma

Umeme ukikatika ukumbini katikati ya wimbo kisha ukarudi, mpiga gita huendelea pale pale alipoachia. Mpiga ngoma hakuwahi hata kusimama. Lakini mpiga kinanda, kama kilicho mbele yake ni Korg Kronos, hana budi kuvuta subira. Skrini inawaka, mstari unajaa taratibu, na dakika mbili na ushei zinapita kabla noti ya kwanza haijasikika. Mbele ya watu waliosimama kucheza, dakika mbili ni ndefu mno.

Subira hiyo inatoboa siri ya chombo chenyewe. Kronos, iliyotoka mwaka 2011, ni kompyuta iliyovishwa vitufe vya piano. Ndani yake mna kichakataji cha Intel Atom, cha ukoo uleule uliowekwa kwenye kompyuta ndogo za bei nafuu za wakati ule. Mna diski, mna kumbukumbu, na juu ya hivyo vyote mna Linux, mfumo uleule unaoendesha seva nyingi za intaneti. Piano ya mbao haina cha kuwasha. Hii inaamka kama kompyuta ya ofisini, na kama kompyuta ya ofisini, inazeeka kwa namna ambayo zeze na marimba hazikuwahi kuijua.

Ndiyo maana wenye vinanda vya aina hii huishi na swali moja: je, kiwanda kitaleta sasisho jingine, au ndiyo basi tena? Ili kulijibu, lazima kwanza tujue ni kitu gani hasa kinachozeeka.

Studio ndani ya sanduku

Mwaka 1979 huko Sydney, Australia, ilizaliwa Fairlight CMI, mashine iliyoweza kunasa sauti yoyote ya duniani na kuipiga kwa vitufe. Mtumiaji aliichora sauti kwenye skrini kwa kalamu ya nuru. Bei yake ilikuwa ya nyumba, si ya ala, kwa hiyo ilibaki mikononi mwa wachache.

Kilichoishusha studio hadi kwa mwanamuziki wa kawaida ni Korg M1 ya mwaka 1988. Iliweka pamoja mambo matatu yaliyokuwa yakiishi mbalimbali: sauti za ala halisi zilizorekodiwa, vikolezo kama mwangwi, na sikwensa, yaani kinasa kinachokumbuka ni kitufe kipi kilibonyezwa, lini, na kwa nguvu gani. Mtu mmoja, akiwa chumbani kwake, aliweza kupanga ngoma, besi, piano na zumari bila kumwita mwenzake. Sauti zote hizo zilikaa kwenye megabaiti 4, takriban sawa na picha moja ya simu ya leo. Noti zilizoweza kulia kwa pamoja zilikuwa 16. Hata hivyo M1 iliuzwa kwa wingi mno, na piano yake kali pamoja na ogani yake nzito ziliteka muziki wa house wa miaka ya 1990.

Tangu hapo kila kampuni kubwa ikawa na kinanda-studio chake. Kurzweil walileta K2000 mwaka 1991, Korg wakaleta Triton mwaka 1999, Yamaha wakaja na Motif mwaka 2001, na mwaka huohuo Roland wakatoa Fantom. Kila kizazi kiliongeza noti, kumbukumbu na skrini, na kila kizazi kilibeba programu nyingi kuliko kilichotangulia.

Kwa nini haisasishwi kama simu

Simu yako ikikwama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hata hutambui. Kinanda hakina anasa hiyo. Tuseme kinatoa sauti kwa vipimo 48,000 kila sekunde, na kichakataji kinaviandaa kwa mafungu ya vipimo 64. Maana yake kila fungu lazima liwe tayari ndani ya milisekunde 1.3 hivi. Fungu likichelewa hata mara moja, spika haina cha kupiga, na msikilizaji anasikia mkwaruzo.

Nayo mikono haidanganyiki. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kinanda kinachochelewa milisekunde 10 ni sawa na kinanda ambacho spika yake iko mita tatu na nusu kutoka ulipokaa. Hilo linavumilika. Kichelewe milisekunde 30 au 40, na mpigaji anahisi vidole vyake vinaburuta kitu kizito.

Kwa sababu hiyo, programu ya kinanda hushonwa juu ya chipu zake kama kanzu iliyopimwa mwilini. Wahandisi wanahesabu kila mzunguko wa kichakataji. Kwenye Kronos, sauti nzito zikiizidi nguvu mashine, mfumo unakatiza noti za zamani kimyakimya ili mpya zipate nafasi. Ukitaka kuongeza kikolezo kipya au injini mpya ya sauti, yaani programu inayozalisha sauti, lazima uikate nguvu hiyo kutoka mahali pengine, kwa maana kichakataji kimegandishwa kwenye bodi na hakuna duka linalouza kikubwa zaidi cha kubadilisha. Wakati mwingine mteja anaomba jambo ambalo hesabu imekwisha kulikataa.

Kisha kuna hesabu ya pesa. Kinanda hununuliwa mara moja tu. Sasisho la bure la mwaka wa saba linalipiwa mishahara ya wahandisi na miezi ya majaribio, na haliingizi senti mpya. Kiwanda kikiweka mizani, upande mmoja kuna wateja wa zamani wenye shukrani, upande wa pili kuna toleo jipya linalouzika.

Uzee unatoka nje

Lakini programu yenyewe haiozi. Maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya M1 mwaka 1988 yangali yanafanya leo kazi ileile yaliyofanya siku ya kwanza. Kinachobadilika ni dunia inayoizunguka.

Chukua flopi. Triton iliposhuka sokoni, flopi ya megabaiti 1.44 ndiyo ilikuwa mlango wa kuingizia na kutolea nyimbo. Sony waliacha kuziuza nchini Japani mwaka 2011, na mlango ukafungwa bila kinanda chenyewe kubadilika hata kidogo. Leo mafundi wanang'oa kisomea flopi na kuweka kidude kinachojifanya flopi huku kikisoma fimbo ya USB, na kinanda hakijui kwamba kimedanganywa.

Fimbo za USB nazo zina mtego wake. Vinanda vingi vya miaka ya nyuma vinasoma mpangilio wa FAT32 pekee, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Fimbo kubwa mpya kutoka dukani huwa imepangwa kwa namna nyingine, na kinanda kinasema hakioni kitu. Wapo wanaodhani tundu limeharibika, wakakipeleka kwa fundi bure.

Upande wa kompyuta hali ni hiyohiyo. Kampuni nyingi zilitoa programu za kuhariri sauti za kinanda kwenye skrini kubwa. Mwaka 2019 Apple walipoacha kuunga mkono programu za biti 32, sehemu kubwa ya hizo ilikufa usiku mmoja. Kinanda kiko hai, ila mkalimani wake kaondoka.

Na kuna uzee wa ndani, mdogo lakini katili. M1 na Yamaha DX7 hutunza sauti ulizozitengeneza kwa nguvu ya betri bapa kama sarafu. Betri hiyo ikiisha, kazi ya miaka inafutika, na kwenye skrini hubaki herufi za ajabuajabu. Bei ya betri yenyewe ni ndogo kuliko nauli ya kumfikia fundi. Wanaopoteza sauti zao kwa kawaida ni wale ambao hawakujua kwamba imo.

Iliyokuja, na iliyohama

Je, matumaini ya sasisho yana msingi? Historia inatoa majibu ya aina tatu.

La kwanza ni sasisho linalolipa deni. Yamaha walipotoa Montage mwaka 2016, waliotoka kwenye Motif walishangaa: sauti zilikuwa bora, lakini sikwensa ilikuwa imenyolewa, haikubaki zaidi ya kinasa chepesi. Manung'uniko hayakukoma. Mwaka 2019, kwa toleo la 3.0 la programu, bila malipo, sikwensa ya kupanga mapigo ikarudi. Chuma kilikuwa kilekile, uwezo mwingine.

La pili ni sasisho la kununua. Roland walipoleta Fantom EX mwaka 2024, hawakumwambia mwenye Fantom ya mwaka 2019 akauze chake. Walimpa njia ya kulipia nyongeza na kukifanya cha zamani kilingane na kipya. Mtu anaweza kuguna kuhusu bei, lakini njia hiyo inatatua ile hesabu ya mishahara: mwenye kinanda cha zamani anageuka mteja tena.

La tatu ndilo lenye mafunzo mengi. Mwaka 2005 Korg walitoa OASYS, kinanda cha takriban dola 8,000 chenye Pentium 4 na Linux. Jina lake lilikuwa ufupisho wa maneno yanayoahidi studio yenye usanifu ulio wazi, kinanda kitakachokua kwa programu. Kweli kilikua kwa muda. Injini mpya za sauti zikatolewa. Mwaka 2009 utengenezaji ukasimama. Waliokinunua waliona ahadi imekufa, lakini programu ilikuwa imehama. Injini za OASYS zikaibukia ndani ya Kronos mwaka 2011, na Kronos ndogo kabisa ikauzwa kwa takriban dola 3,000. Mwaka 2020 sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo ikahamia kwenye Nautilus.

Kumbe programu ya kinanda inaweza kuishi miaka mingi kuliko kinanda. Korg wenyewe waliitoa M1, na baadaye Triton, kama programu za kompyuta. Kijana anayetengeneza midundo kwenye kompyuta ya mkononi anaweza leo kupiga ogani ya M1 bila kuwahi kukigusa kinanda chenyewe. Aliyeachwa ufukweni ni mnunuzi wa chuma.

Linux nayo haifungui kila mlango, kama wengine wanavyodhani. Leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe msimbo wake, lakini hilo linahusu msingi tu. Injini za sauti zilizojengwa juu yake ni mali ya kampuni. Mwenye kinanda amepewa ramani ya msingi wa nyumba, vyumba vimebaki na kufuli.

Sauti inayotosha kwenye SMS

Mfano unaonipa moyo zaidi ni wa zamani kuliko yote haya. Mwaka 1983 yalitokea mambo mawili. Yamaha walitoa DX7, iliyotumia mbinu aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, ya kuacha wimbi moja la sauti litikise jingine. Na viwanda vinavyoshindana vikakubaliana kuhusu lugha moja ya vinanda, MIDI, kwa juhudi za watu kama Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland.

MIDI ni lugha fukara: nguvu ya kidole ina ngazi 128 tu. Toleo lake la pili lilipitishwa mwaka 2020 likiwa na ngazi zaidi ya 65,000. Lakini ufukara huo ndio ulioipa MIDI umri mrefu, kwa kuwa yeyote anaweza kuizungumza. Sauti moja ya DX7, ikifungashwa kwa kutumwa, ni baiti 128. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba baiti 140. Sauti nzima ya piano ya umeme iliyopamba nyimbo za miaka ya 1980 ingeenea kwenye SMS, na nafasi ikabaki. Na kwa kuwa mpangilio wa baiti hizo ulitangazwa hadharani, sauti zilizotengenezwa mwaka 1983 zinaweza leo kugeuzwa na kupigwa kwenye Montage. DX7 yenyewe inaweza kuwa imekufa kabatini, sauti zake zikawa jukwaani.

Kwa hiyo mimi siulizi tena kama sasisho lingine litakuja. Kipya kinyemi, ingawa kidonda: sasisho linaleta raha na hitilafu kwa pamoja, na umeme ukikatika likiwa katikati, kinanda kinaweza kugeuka meza. Asubuhi ya harusi hakuna mpigaji anayetaka mashine yenye tabia mpya. Kinanda kilichoganda kina sifa ambayo gita limekuwa nayo siku zote: kesho kitafanya kilekile kilichofanya leo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ninachouliza dukani, kiwe kipya au cha mitumba, ni kama kazi yangu itatoka salama. Je, sauti na nyimbo zinahifadhiwa kwa namna inayosomeka nje ya kinanda? Je, kinazungumza MIDI kikamilifu? Je, programu ya kiwandani inaweza kupakiwa upya diski ikifa, na nakala yake inapatikana? Betri iko wapi, na nani anaweza kuibadilisha? Muuzaji akijibu manne haya, sasisho likija nitalipokea kama zawadi. Asipoyajibu, hata toleo la kumi halitaniokoa.

Na kama tayari unacho cha zamani, kazi ni ya jioni moja. Chomeka fimbo ndogo ya USB, toa kila sauti na kila wimbo, weka nakala mahali pawili mbali na kinanda, kisha hakikisha betri yake imekaguliwa. Mengi ya hayo uliyoyatunga miaka yote hayatajaza hata kona ya simu yako.